Namba ya Siri Ilikuwa Sahihi

Mteja aliyepoteza kadi ya benki, kisha akakuta fedha zake zimetolewa, mara nyingi hupewa jibu moja: mfumo unaonyesha namba ya siri iliyoingizwa ilikuwa sahihi, kwa hiyo aliyetoa ni wewe mwenyewe au ni mtu uliyempa namba yako. Husemwa kwa upole, kutoka upande wa pili wa kioo. Mteja huingia akiwa mlalamikaji na hutoka akiwa mtuhumiwa. Naamini jibu hilo halitoshi. Naamini pia kwamba sheria zetu wenyewe zinampa mteja njia ya kulipinga, ila njia hiyo inamtaka ajue mapema cha kuuliza na wa kumwuliza.

Nikiandika haya nawafikiria watu wa Kasanda. Kata hiyo iko wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, kwenye nyanda za juu za Buha ambako maharage, mihogo na mahindi ndiyo chakula na ndiyo biashara. Mwenye kadi ya benki huko ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, mtendaji, mstaafu anayesubiri pensheni, au mkulima ambaye chama chake cha msingi kimemlipa kupitia akaunti. ATM na dirisha la benki viko mjini. Barabara kuu inayotoka Nyakanazi kwenda Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika kwa miaka mingi kabla lami haijaanza kuifikia kipande kwa kipande. Kwenda kutoa mshahara ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, na mwisho wa mwezi ni foleni.

Ndiyo maana kadi za vijijini husafiri bila wenyewe. Mwalimu mmoja anakwenda mjini kwa shughuli zake. Wenzake wawili wanampa kadi na namba zao za siri awatolee. Mama mzee anamtuma mjukuu. Mstaafu asiyeona vizuri anamtajia wakala namba yake kwa sauti, huku wateja wengine wamesimama nyuma yake. Watu wa mjini huona huu ni uzembe. Mimi naona ni hesabu ya nauli. Mtu anayeishi hatua chache kutoka kwenye mashine anaweza kuitunza siri yake bila gharama yoyote, lakini mtu wa Kasanda huilipia kila mwezi. Hilo halimwondolei mteja wajibu, na mikataba ya kadi haina huruma nalo hata kidogo: ukishamtajia mtu namba yako, hata kama ni mkeo au mwanao, umeipa benki sababu ya kukukatalia. Lakini mtu anayetaka kulielewa tatizo aanze na barabara kabla hajaanza na tabia.

Jambo jingine linalowatofautisha wateja hawa na wale wanaosomwa kwenye habari za nchi tajiri ni aina ya kadi yenyewe. Sheria nyingi maarufu za kumlinda mwenye kadi zilitungwa zikifikiria kadi ya mkopo. Mwizi akiitumia kadi hiyo, fedha zinazopotea kwanza ni za benki. Mwenye kadi hupokea ankara na hukataa kuilipa, na mabishano yote hufanyika mshahara wake ukiwa salama. Kadi ya Kasanda ni ya kutolea akiba. Ikitumiwa na mwizi, kilichoondoka ni mshahara wenyewe: ada ya mtoto, mbolea, mchango wa msiba. Benki ikichukua wiki sita kuchunguza, ni wiki sita za kukopa. Kwa hiyo mwenye kadi ya aina hii ndiye anayehitaji majibu ya haraka kuliko yeyote.

Turudi kwenye namba. Inawezekanaje mtu ambaye hakumwambia yeyote namba yake akaibiwa kwa namba hiyohiyo?

Njia ya kwanza ni kuibashiri. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, na mashine nyingi huzuia kadi baada ya kukosea mara tatu. Kama watu wangechagua namba bila mpangilio wowote, mwizi angekuwa na nafasi tatu katika elfu kumi, na benki ingekuwa na haki ya kucheka dhana hiyo. Lakini watu hawachagui hivyo. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Joseph Bonneau, Sören Preibusch na Ross Anderson, walichapisha utafiti kuhusu namba za siri ambazo wateja huzichagua wenyewe. Waligundua kwamba tarehe za kuzaliwa zimejaa humo. Wakakadiria kwamba mwizi mwerevu, akiiba pochi yenye kadi pamoja na kitambulisho kinachoonyesha tarehe ya kuzaliwa, atafanikiwa kuitumia kadi mara moja katika kila pochi 11 hadi 18, kutegemea kama benki inawazuia wateja kuchagua namba dhaifu kama 1234.

Hebu sasa tazama pochi ya Mtanzania. Kadi ya benki imelala ubavuni mwa kitambulisho cha NIDA, na namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyeiokota hahitaji hata kufikiri. Anajaribu mwaka, anajaribu siku na mwezi, anajaribu mwezi na siku, na zile nafasi tatu zimemtosha. Muamala huo utaingia kwenye mfumo wa benki kama muamala halali wenye namba sahihi, na hakuna mtu aliyeambiwa siri yoyote. Msomaji ambaye namba yake ya siri ni mwaka wake wa kuzaliwa, au wa mwanawe, aibadilishe leo.

Njia ya pili ni ya macho na mikono. Mtu amesimama karibu na ATM siku ya mshahara, amevaa vizuri, mpole. Mashine inasumbua, naye anajitolea kukusaidia. Ameiona namba ukiibonyeza; akikurudishia kadi, amekurudishia nyingine ya benki hiyohiyo, yenye rangi ileile. Baadhi ya kadi zinazotolewa papo hapo hazina hata jina la mteja, kwa hiyo unaondoka na kadi ya mtu mwingine mfukoni bila kujua. Huyu ni mteja ambaye kadi yake imeibwa na hataripoti, kwa sababu anaamini anayo. Anagundua siku ya kutoa tena, na kwa mtu wa kijijini siku hiyo inaweza kuwa baada ya wiki tatu. Nani atamwambia kwamba alichelewa kwa kupenda?

Njia ya tatu ni kunakili mkanda wa sumaku ulio nyuma ya kadi kwa kifaa kilichofichwa kwenye mdomo wa mashine, huku kamera ndogo au kibonyezo bandia kikiichukua namba. Chipu ilibuniwa ili kuzuia hilo, na imesaidia sana, lakini pale ambapo mashine bado inakubali kusoma mkanda, nakala hufanya kazi. Hapa kadi halisi haijatoka hata kwenye pochi ya mwenyewe.

Halafu kuna nyumbani. Sipendi kuliandika, lakini yeyote aliyewahi kushughulikia malalamiko ya namna hii analijua: mara nyingine aliyetoa ni kijana wa ndani, shemeji au rafiki. Benki haikosei kulifikiria. Inakosea inapolifanya kuwa jibu la kila mteja kabla haijafungua kumbukumbu zake.

Kumbukumbu hizo ni nyingi kuliko mteja anavyodhani. Mashine huandika saa na sekunde ya kila hatua: kadi iliingia lini, ilisomwa chipu au mkanda, namba ilikosewa mara ngapi kabla ya kupatikana, salio liliulizwa au halikuulizwa, kiasi gani kiliombwa kwanza na kikakataliwa. Kila mashine ina namba yake. Penye kamera kuna picha. Kwa wakala, mashine ya POS nayo ina kumbukumbu zake na risiti. Vitu hivi vyote vinaweza kumwelezea mtu aliyesimama pale. Anayejua salio lake haulizi salio. Anayejua namba yake haikosei mara mbili kisha akaipata ya tatu. Mtu ambaye miaka yote hutoa laki moja Kibondo tarehe za mshahara, kisha siku moja akaunti yake ikatoa kiasi cha juu kabisa mara nne mfululizo usiku, Kahama, ana haki ya kuulizwa kwa adabu kama ni yeye. Ufunguo uliofungua mlango haumtaji aliyeushika, na aliye na kitabu cha mlinzi mlangoni ni benki.

Mabishano haya si mapya duniani. Mwaka 1980 mama mmoja wa New York, Dorothy Judd, aliishitaki Citibank katika mahakama ya madai ya jiji hilo. Dola 800 zilikuwa zimetolewa kwenye akaunti yake kwa kadi na namba, tarehe 26 Februari na 28 Machi mwaka huo. Benki ilileta karatasi za kompyuta na maelezo kwamba mfumo wake una ulinzi mkali. Yeye alileta barua ya mwajiri wake, kwamba saa zile alikuwa kazini. Mahakama ililazimika kuchagua kati ya shahidi mwenye kuaminika na mashine, na ikamwamini mama. Haikusema kompyuta za benki ni mbovu. Ilikataa tu kumbebesha mtu wa kawaida mzigo wa kuthibitisha ambao hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuubeba.

Uingereza, mambo yalimwendea vibaya zaidi John Munden, askari polisi wa kijiji cha Bottisham karibu na Cambridge. Mwaka 1992 alirudi kutoka mapumzikoni Ugiriki akakuta akaunti yake katika taasisi ya Halifax imetolewa jumla ya pauni 460 kwa miamala sita asiyoijua. Alilalamika. Akajibiwa kwamba mfumo ni salama, kwa hiyo anadanganya. Akashitakiwa kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu, na mwaka 1994 akatiwa hatiani. Askari aliyelalamika kuibiwa akawa mhalifu. Katika rufaa, mtaalamu wa upande wake alikuwa Ross Anderson, yuleyule wa utafiti wa namba za siri, naye aliomba kuukagua mfumo ambao Halifax ilikuwa ikiusifia. Halifax ilikataa kuufungua. Mahakama ikaukataa ushahidi huo wa kompyuta ambao upande wa pili haukuruhusiwa kuuchunguza, na Julai 1996 Munden akaachiwa huru. Alikuwa polisi, anajua mahakama, anaishi kilomita chache tu kutoka kwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa fani hiyo duniani, na bado ilimchukua karibu miaka minne. Nikilifikiria hilo namfikiria muuguzi wa Kasanda mbele ya kioo kile, peke yake, gari la mwisho la kurudi likikaribia kuondoka.

Nchi hizo ziliandika jibu kwenye sheria badala ya kumwachia kila mteja apigane. Marekani, Sheria ya Uhamishaji Fedha kwa Njia ya Kielektroniki ya mwaka 1978 inaweka vikomo vya hasara ya mwenye kadi: dola 50 akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue kadi imepotea, hadi dola 500 akichelewa zaidi, na hatari kubwa zaidi akikaa siku 60 tangu atumiwe taarifa ya akaunti bila kusema kitu. Uingereza, kanuni za huduma za malipo za mwaka 2017 zinamwekea kikomo cha pauni 35 kwa kawaida, na zinasema jambo ambalo ningelipenda libandikwe kwenye kila dirisha la benki hapa kwetu: kumbukumbu kwamba kadi na namba vilitumika, peke yake, si lazima itoshe kuthibitisha kwamba mteja ndiye aliyeidhinisha muamala au kwamba alikuwa mzembe kupita kiasi. Benki ilete zaidi ya hapo.

Na sisi? Tunazo nyenzo zetu, na ni nzuri kuliko tunavyozitumia. Mwaka 2000, katika Mahakama Kuu Kitengo cha Biashara, shauri la Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises lilimfikia Jaji Nsekela. Swali lilikuwa kama karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki zinaweza kuhesabiwa kuwa kitabu cha benki chini ya Sheria ya Ushahidi ya 1967, iliyotungwa zama za leja na wino. Jaji alizikubali, akiona kwamba sheria haiwezi kukaa imefumba macho huku biashara ikihamia kwenye mashine. Bunge lilifuata kwa marekebisho ya mwaka 2007, kisha ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Tangu hapo kumbukumbu za ATM ni ushahidi. Benki zilifurahi, na zilikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini sheria hiyohiyo ya 2015, katika kifungu cha 18, inaieleza mahakama namna ya kuupima ushahidi wa aina hiyo: njia iliyotumika kuitengeneza na kuihifadhi kumbukumbu inaaminika kiasi gani, uzima wake ulilindwaje usichezewe, na aliyeianzisha alitambuliwaje. Soma tena hilo la mwisho. Aliyeianzisha alitambuliwaje? Sheria ya Tanzania yenyewe inauliza swali ambalo mteja anadhani hana ruhusa ya kuliuliza. Jibu la kwamba namba ilikuwa sahihi ni mwanzo wa kulijibu, na mwenye nyaraka za kuendelea nalo ni benki peke yake.

Sasa tuje kwenye dakika ya kwanza, maana hapo ndipo kesi nyingi hupotea. Mikataba mingi ya kadi humbebesha mteja hasara ya kabla hajatoa taarifa, na huibebesha benki ya baada. Kwa hiyo saa ya simu yako ya kwanza ndiyo mpaka wa shamba. Piga simu ya huduma kwa wateja mara tu unapoikosa kadi, hata kama unadhani umeisahau kwenye suruali nyingine. Kadi iliyofungwa inaweza kufunguliwa au kubadilishwa, fedha iliyotoka hairudi kirahisi. Namba hiyo ya simu kwa kawaida imechapwa nyuma ya kadi, yaani imepotea pamoja nayo. Iandike leo kwenye daftari, na kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani, kwa sababu pochi na simu mara nyingi huondoka pamoja. Ukiwa na programu ya benki kwenye simu, tafuta sehemu ya kadi kabla hujaihitaji. Uliza jina la aliyekupokea na namba ya malalamiko yako. Usiifute kumbukumbu ya simu uliyopiga, ipige picha. Na kama simu imeibwa pia, laini nayo ifungwe siku hiyohiyo, maana ujumbe wa benki unaokuarifu wewe sasa unamwarifu mwizi.

Polisi utapata RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Baadhi ya watu huona ni usumbufu usio na maana, kwa kuwa mwizi hatakamatwa. RB inafanya kazi nyingine: ni karatasi ya dola yenye tarehe na saa, iliyoandikwa kabla hujajua benki itajibu nini, na mtu anayetunga uongo kwa kawaida hakimbilii kituoni. Ni kweli pia kwamba kutoa fedha za mtu kwa kadi yake ni kosa la jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeongeza meno.

Kisha andika barua. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: usiridhike na malalamiko ya mdomo, hata kama meneja ni mtu wa kwenu. Omba taarifa ya akaunti, weka alama kwenye kila muamala usioutambua, na kwa kila mmoja taja ulikuwa wapi saa ile na nani anaweza kuthibitisha. Mwalimu ana daftari la mahudhurio. Muuguzi ana zamu. Barua ya mwajiri ndiyo iliyomwokoa Dorothy Judd. Ya mwalimu mkuu wa Kasanda haina upungufu wowote mbele yake. Ndani ya barua hiyohiyo omba benki ikueleze: mashine ipi na namba yake, chipu ilisomwa au mkanda, namba ilikosewa mara ngapi, kama salio liliulizwa, kama kuna wateja wengine waliolalamikia mashine hiyo siku za karibu, na saa ngapi hasa mfumo ulipokea taarifa yako ya kupotelewa. Omba kwa maandishi kwamba picha za kamera zihifadhiwe. Picha hazikai milele; kamera hurekodi juu ya picha za zamani baada ya muda, na mteja anayezikumbuka mwezi wa nne atakuta hakuna kitu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuna jambo moja linaloharibu haya yote, nalo limeenea kiasi kwamba kulinyamazia ni kuwadanganya wasomaji. Ni kadi zilizowekwa rehani. Mkopeshaji wa mtaani, wa mikopo tunayoiita kausha damu, anamkopesha mtumishi kwa riba ya kutisha na anachukua kadi pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, anautoa yeye. Anakata chake, anamrudishia mwenyewe kinachobaki, kama kinabaki. Mwezi mmoja anatoa zaidi ya deni. Au deni limekwisha na kadi hairudi. Mtumishi anakwenda benki kusema kadi imeibwa. Wapo pia wanaoripoti upotevu ili wapewe kadi mpya na kumkwepa mkopeshaji.

Nawaonea uchungu watu hawa, maana wengi walikopa kwa sababu ya ugonjwa au ada, na anayewakausha ni mkopeshaji. Lakini kila ripoti ya uongo inayopita dirishani humfanya ofisa wa benki amtazame mteja wa kweli anayefuata kwa jicho lilelile. Aliyekwama kwenye mkopo wa namna hiyo aseme ukweli wake ulivyo: kadi inashikiliwa na mtu, nilimpa namba, sasa naiondoa ruhusa hiyo. Abadilishe kadi na namba kwa msingi huo, na ugomvi wa deni aupeleke kunakostahili. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni, na mkopeshaji asiye nayo ana sababu kubwa kuliko wewe ya kuogopa kituo cha polisi. Fedha zilizotolewa kwa ruhusa yako hazitarudi. Zitakazotolewa baada ya benki kupokea taarifa yako ni suala jingine kabisa.

Wakala naye asisahaulike. Kwa kata kama Kasanda, wakala ndiye benki. Ninaheshimu kazi yake, na namwomba mambo mawili: amgeuzie mteja mashine abonyeze mwenyewe hata kama mteja anasema hana haja, na ampe risiti kila mara, hata ya muamala ulioshindikana. Muamala ulioshindikana huku akaunti ikiwa imekatwa ni chanzo cha ugomvi mwingi, na bila risiti hakuna pa kuanzia. Kwa benki nina ombi moja tu. Karatasi anayopewa mteja siku ya kuchukua kadi iseme kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, hasara yake inaishia shilingi ngapi kadi ikiibwa, kuanzia saa ngapi inakuwa ya benki, na benki itamjibu kwa siku ngapi. Anayesaini bila kuona mambo hayo matatu amesaini gizani.

Benki ikikataa, iombe ikatae kwa maandishi na kwa sababu. Barua hiyo ya kukataliwa ndiyo tiketi ya hatua inayofuata. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinamtaka mteja aanzie kwa mtoa huduma wake, na asiporidhika au asipojibiwa anaweza kwenda Benki Kuu ya Tanzania (BoT), yenye dawati la malalamiko. Kutoka Kakonko hadi tawi la BoT Mwanza ni safari ndefu, lakini malalamiko hupokelewa pia mtandaoni kupitia mfumo wa Sema na BoT, na kijana yeyote wa stendi mwenye simu nzuri anaweza kumsaidia mzee kuujaza, ilimradi mzee asimpe namba ya siri. Ambatanisha barua yako yenye muhuri, jibu la benki, taarifa ya akaunti yenye alama, RB, picha ya kumbukumbu ya simu na barua ya mwajiri. Kisha, kwenye sehemu ya maelezo, usiandike kurasa tatu za masikitiko. Andika kwamba benki imesema namba ya siri ilikuwa sahihi, na kwamba unaomba iulizwe aliyeiingiza alitambuliwaje.